Kaburi la Mjomba Liko Tayari

Kiri, tarehe 8 mwezi wa Tishrini

"Mtakatifu ni wa kijiji kilichomlisha." Ndivyo ulivyoniandikia, shemeji Gadai, na umenikera hata salamu nikazisahau. Haya, zipokee: mimi mzima, kifua tu kinanibana. Dada yangu Shamuni hajambo? Watoto je?

Sasa nikujibu. Mbuzi ni wa aliyemlisha. Mjomba Shalita ni ndugu wa mama yetu, na miaka ishirini na miwili amekaa katika kile kibanda cha mawe juu ya kijiji chenu ili asiwe wa mtu yeyote. Unaniambia ana homa, na katika barua hiyohiyo unaniambia jeneza la mawe limekwisha kuchongwa, na tundu la kumiminia mafuta ya baraka juu ya mifupa yake limetobolewa! Mtu anakohoa, ninyi mnampima urefu? Mwiteni tabibu.

Shemeji yako,
Zakai

Kefar Duma, 21 Tishrini

Shemeji Zakai, kasisi wetu mwenye ulimi wa wembe,

Sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Shamuni anakusalimu, anasema ujipake mafuta ya moto kifuani na upunguze hasira, maana ndizo zinazokubana.

Unalicheka jeneza. Waulize watu wa Beth Kardu, ng'ambo ya mto. Mtawa wao alipokufa, kijiji jirani kilikuja kikambeba wenyewe wangali wanalia. Sasa mvua inawanyeshea wezi, Beth Kardu wanachemsha magugu. Sisi zeituni hazijazaa mwaka wa pili huu. Tukimkosa na mjomba, tutakula nini, barua zako?

Tabibu hatukumwita. Aliye karibu anatoka Beth Kardu, na huyo hatapanda kile kilima mikono mitupu wala kushuka mikono mitupu. Tumeweka wanaume wanne wenye marungu mlangoni. Mjomba yuko salama.

Shemeji yako,
Gadai

Kefar Duma, 15 Kanuni

Shemeji, salamu nyingi. Baridi imeingia, watoto wana mafua tu. Matusi yako ya mwezi jana yamefika, tumewashia moto, yanawaka vizuri.

Mjomba amepona. Sijui nikuelezeje nyuso za watu walipopata habari hiyo. Waliokwisha kununua ubani wananiuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyemponya.

Na kuna jambo baya zaidi. Shamuni alipompelekea kikapu, mzee alitoa kichwa dirishani akasema, "Mwanangu, kelele za mahujaji zimenichosha. Theluji ikiyeyuka nahamia upande wa jangwa."

Shamuni akacheka. "Kwa miguu hiyo, mjomba?"

"Ndiyo iliyonileta. Ndiyo itakayoniondoa."

Wazee tulikaa siku mbili. Tumeona ni shetani anayemsumbua, kama anavyowasumbua watawa wote. Basi tumeuziba mlango kwa mawe, tukaacha dirisha. Ni kwa kumlinda.

Shemeji yako,
Gadai

Kiri, 2 Shebati

Gadai, natumaini wote ni wazima, hasa yule mliyemzika akiwa hai.

Wewe ni mzee wa kijiji au mlinzi wa gereza? Mtu anayetaka kuhama, ahame! Nimempelekea askofu habari hii, naye anasema ataitazama baada ya Pasaka, maana kijiji chenu kinaleta mahujaji wengi. Kwa hiyo nakuomba wewe, mume wa dada yangu, uliyekula mkate kwetu: bomoa ukuta.

Na nijibu swali moja tu. Kikapu bado kinakwenda?

Zakai

Kefar Duma, 12 Shebati

Shemeji, sisi hatujambo. Natumai kifua kimetulia.

Umeuliza kuhusu kikapu. Hakiendi. Mjomba ameanza mfungo wa siku arobaini.

Hakusema kwa kinywa chake. Tumeupata katika kitabu chako cha maisha yake. Kinasomwa hapa kanisani kila sikukuu, hata watoto wanakijua kwa moyo: "Siku arobaini Shalita hakuonja chakula wala maji, akatoka uso wake unang'aa." Ni wewe uliyeandika. Sisi ni nani tumtie majaribuni kwa mikate? Tulimwachia mtungi mmoja wa maji, kwa huruma tu. Dirisha nalo tumelifunga.

Anagonga ukuta kwa jiwe, ni kweli. Kasisi wa hapa kijijini anasema mzee anapigana na mashetani, na hilo nalo umeliandika wewe. Shamuni analia mchana kutwa. Nimemkataza kupanda kilima. Leo ni siku ya tatu. Usije. Njia ni mbaya.

Shemeji yako akupendaye,
Gadai

Kiri, 14 Shebati

Barua hii si ya Gadai. Mpanda nyumbu anayeileta anajua kusoma. Nimemwagiza aisome kwa sauti kisimani, asubuhi, wakati wanawake wa Kefar Duma wanachota maji. Dada yangu Shamuni asimame mbele.

Hamjambo, mama zangu na dada zangu. Nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Niliandika uongo. Siku zile arobaini nilikaa na mjomba kibandani. Jua likizama alikula dengu, nami ndiye niliyemlowekea. Maji alikunywa kama mtu yeyote. Siku moja alikula tini nne akaniomba ya tano, nikamnyima ili nipate cha kuandika. Hapa mjini kulikuwa na watu wanaodai kwamba watawa wetu ni wavivu wanaokwepa jembe. Nilitaka kuwaziba midomo, nikawazidi kwa uongo. Nilishinda mabishano yale. Wote mnaona nilichoshinda.

Anayegonga ukuta hapigani na shetani. Anawaita ninyi.

Mnaposikia haya nimekwisha kuanza safari, lakini kwa kifua hiki na matope haya nitafika siku ya nne, na yeye hana siku nne. Msiningoje. Msimngoje askofu. Wale wanne wenye marungu ni waume zenu na wana mliowazaa. Watajeni majina yao, waambieni wapishe.

Shamuni, tangulia. Nanyi wengine, msirudi nyumbani na hiyo mitungi. Pandeni nayo kilimani sasa hivi, toeni mawe mlangoni, mpeni maji kidogo kidogo, kisha mwacheni aende anakotaka.

Mpwa wa Shalita,
Zakai