Prosesa ya Kufungulia Somo la Kola

Mama Nekesa,

Nimenunua prosesa. Najua ungeuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Lakini niache nianze na prosesa, kwa sababu tangu Alhamisi sijatulia. Nimemweleza Nekesa kwa simu hadi akasema, "Baba, nimeelewa, niko kazini." Nimemweleza mchungaji mlangoni mwa kanisa. Umebaki wewe, na wewe ndiwe uliyepaswa kuambiwa wa kwanza.

Uliacha masomo ishirini na moja ya ushonaji. Uliyarekodi peke yako asubuhi, kabla ya kufungua duka, kwa ile simu yenye kamera nzuri aliyokununulia Nekesa, ukiifunga kwa utepe kwenye rula ya mbao juu ya meza ya kukatia. Simu yenyewe ilizimika wiki ya mazishi yako na haijawaka tena. Bahati njema, Nekesa alikuwa ameshanakili video zote kwenye kompyuta yetu ya mezani.

Uliwaahidi wanafunzi wako, Wambui na wenzake wanne, kwamba masomo hayo yatakatwa na kupangwa vizuri wayatazame kabla ya mtihani wao wa ufundi. Mtihani ni mwezi ujao. Wambui ndiye anayeshika funguo za duka sasa, na wateja wa Riruta hawajahama. Lakini kola hamkuifikia, na katika mtihani kola ni lazima. "Mwalimu, kwa kola mama alituacha njiani," aliniambia. Akacheka kidogo, kisha akageukia cherehani yake.

Nikasema nitahariri mimi. Mimi niliyekuwa nikipita nyuma ya kamera yako nikilalamika kwamba chai imepoa! Kazi yenyewe si ngumu kuliko kusahihisha insha: unatoa kisichohitajika, unaunganisha kilichobaki. Shida ilikuwa kompyuta. Ilinunuliwa kwa kuchapia mitihani, na video za simu yako zimebanwa sana zisijaze nafasi. Prosesa ya zamani, yaani ubongo wa kompyuta, haiwezi kuzifungua kwa kasi inayotakiwa. Somo la kola lilikuwa likifika dakika ya kumi na moja linaganda, kisha programu inajifunga. Nikiruka mbele, inajifunga tena. Na hata kabla ya hapo mkono wako uliruka kutoka upande huu hadi ule bila kupita katikati, na sauti yako ikakatika katikati ya neno. Nilikusikiliza hivyo wiki tatu, Mama Nekesa. Tuliache hilo.

Nikachukua daftari. Nilikuwa na shilingi elfu arobaini za prosesa, bodi ya kuipachika na memori. Kuzidisha hapo ni kugusa fedha za paa, na unajua mvua za Riruta. Nikazipa prosesa alama kama watahiniwa: kasi, idadi ya kori, yaani vile viini vinavyogawana kazi, na sifa zilizotangazwa na wauzaji. Aliyeongoza darasa alikuwa i7 mmoja aliyetolewa katika kompyuta za ofisi zilizotumika. Nikampigia mstari mwekundu. Alhamisi nikavaa lile shati la samawati lenye mistari myeupe, kwa kuwa hukupenda niende mjini nimevaa ovyo, nikaondoka.

Duka la Mutua, muuza vipuri vya kompyuta, liko ghorofa ya pili, katika jengo la vibanda ambamo mtu akitaka kugeuka humwomba jirani ruhusa. Mutua ana miaka thelathini na kidogo, na ulimi wake haupumziki. Alipoliona daftari langu alikubaliana nalo papo hapo. Nilipomuuliza habari za i5 mpya zaidi, iliyokuwa bei ileile, alinitazama kwa huruma.

"Mzee, si ulikuwa mwalimu? Saba na tano, gani kubwa?"

Kibanda kizima kikacheka. Nami nikacheka, nikatia mkono mfukoni kutoa bahasha.

Ndipo nilipokukumbuka katika maduka ya vitambaa, Mtaa wa Biashara. Hukuwahi kununua kitambaa kwa kukitazama. Ulikuwa ukishika pembe yake, unaikunja yote ndani ya ngumi, unafumba mkono, unahesabu hadi kumi, kisha unaufungua na kutazama kama kitajinyoosha. Muuzaji ananuna. Mimi nimesimama mlangoni nikijifanya sikujui. "Mwache anune," uliniambia. "Kikijikunja mwilini mwa mteja, nitakayepigiwa simu ni mimi."

Nisamehe kwa kusimama mlangoni.

Nikairudisha bahasha, nikatoa flashi yenye somo la kola. Nikamwambia Mutua kwamba sinunui prosesa ambayo haijalifungua somo hili mbele ya macho yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Akanuna! Ungemwona, alinuna vilevile walivyonuna wale wako. Lakini juu ya kaunta palikuwa na kompyuta mbili zilizokwisha kuunganishwa, moja ya i7 yangu na moja ya i5 ya kizazi cha kumi na mbili, na zote zilikuwa na programu ya kuhariri. Hakuwa na sababu ya kukataa.

Tukaanza na saba. Dakika ya tatu mkono wako ukaruka. Dakika ya tano sauti ikakatika, na kabla ya kufika ya saba picha ikasimama tuli. Mutua akasema huenda flashi yangu ni mbovu. Nikamwambia tutajua sasa hivi.

Tukaichomeka katika tano. Ikatembea.

Mama Nekesa, ikatembea kama maji! Sindano ikaingia na kutoka, kidole chako gumba kikapita juu ya mshono wote bila kuruka hata uzi mmoja. Mutua mwenyewe akasogea. Akaanza kunieleza, sasa kwa adabu, kwamba ile saba ni ya kizazi cha zamani na ina kori nne tu. Hii tano ina sita, na ndani yake mna sehemu ya picha iliyoundwa kufungua video zilizobanwa namna hiyo. Akataka pia kunipa ndugu ya hiyo tano, yenye herufi F mwishoni mwa jina, kwa bei nafuu kidogo. Nikamuuliza sehemu ya picha i wapi katika hiyo. Akakiri kwamba haimo, na kwamba ningelazimika kununua kadi ya picha kando. Nikaikataa. Tukiwa katika mjadala huo, dakika ya kumi na moja ilipita bila yeyote kuiona.

Nikasikia ukitaja jina langu.

"Hili shati ni la Mwalimu," ulisema, ukiinua kola mbele ya kamera. "Akisoma anainamisha shingo kushoto, ndiyo maana kola ya kushoto huisha kabla ya ile ya kulia. Basi huku kushoto naweka kitambaa kigumu mara mbili. Yeye hajui. Msimwambie."

Kisha mama mmoja, aliyekuja kuchukua printa yake, akanigusa kiwiko. "Mzee, si ni hiyo shati umevaa?"

Sikumsahihisha aseme "hilo shati". Nilitia vidole kwenye kola. Kulia, nyembamba. Kushoto, nene. Nimevaa mashati yako miaka thelathini na minne nikidhani nimebahatika kuwa na kola zinazodumu.

Mutua alichukua bisibisi akaanza kunitolea bodi, na hakulizima somo hadi ulipokata uzi wa mwisho.

Ijumaa kompyuta iliwaka. Nilihariri somo la kola kwa saa nne, bila kuganda hata mara moja, na bodi bado ina nafasi ya kuongeza memori siku za mbele. Nilikata ving'ora vya barabarani, mbuzi wa jirani, na mteja aliyebishana nawe juu ya zipu. Maneno yale kuhusu shati langu yako nje ya mada, na unajua nifanyavyo na yaliyo nje ya mada. Sikuyakata.

Jana wanawake walilitazama dukani. Yalipofika maneno hayo niliwatazama nyuso, nikitarajia washangae. Wambui akashika mdomo. "Sisi tulijua kitambo, Mwalimu. Mama alituapisha." Watano wote! Na kila asubuhi wananiamkia na kuitazama kola yangu!

Baadaye Wambui alishona kola tatu. Mbili ungezipitisha. Moja ungeifumua, na akaifumua mwenyewe kabla sijasema lolote.

Pumzika sasa, mke wangu. Naahidi kwamba masomo yote ishirini na moja yatakuwa tayari kabla ya wanawake wako kuketi mtihanini. La kumi na saba ni la kugeuza kola iliyochakaa, upande uliolika ukae chini. Hilo nitalihariri nikiwa na sindano na uzi mezani, kwa maana kola hii ya kushoto, pamoja na vitambaa vyako viwili, imeanza kulika ukingoni. Sitampa Wambui. Nitaigeuza mimi, nikikusikiliza.

Wako,
Mwalimu