Kiungo cha Pampu ya Eldas

S.L.P. 88,
Garissa.
9 Septemba, 1999.

Mpendwa Idman,

Asalaam aleikum, abaayo, dada yangu. U hali gani huko Toronto, na yale mafua yamekuachia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila jua limetukausha na mimi situlii. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha bweni, kama zamani.

Goti la Mama limepata nafuu. Sirad amejifungua binti, na jina bado wanabishania.

Sasa habari za baba yako. Pampu ya kisima cha Eldas ilisimama. Kiungo kinachoshikanisha shafti ya injini na ya pampu kilipasuka, na yeye, Abti Nunow, mjomba wangu, akakileta mwenyewe hapa karakana ninakochora vipuri, amekifunga kwenye kikoi. Ngamia wenu walibaki Eldas, wakigawiwa maji ya lori kidogo kidogo. Kipuri hicho hakiuzwi tena. Ilibidi nikichore kwenye kompyuta, fundi wa kukereza vyuma afuate mchoro wangu.

Nilipima kile cha zamani, nikakichora kama bonge moja la chuma, nikatoboa tundu na kuchimba mfereji wa kabari inayozuia shafti isiteleze, kila kipimo kikijitegemea. Kilipendeza. Jelle, mkubwa wangu, akasema kiende. Moyo ukakataa. Nilipokitazama tena, tundu la kati lilikuwa na weusi wa mpira. Unawajua watu wetu: shafti ikilegea wanakata kipande cha tairi, wanakisokomeza, kazi inaendelea miaka. Nilikuwa nimepima uchakavu, si upana wa asili.

Nikajaribu kupunguza tundu. Mfereji ukabaki umeelea peke yake ndani ya chuma. Nikafuta vyote. Safari hii nilianza na mstari wa katikati, nikachora nusu ya umbo, nikaizungusha, na kila kipimo nikakifunga kwenye upana wa tundu. Ni kazi ya polepole.

"Bilan, unachora chuma au unafuma mkeka?" Jelle akaniuliza.

Baba yako akadakia kutoka mlangoni, "Hata ngamia angekuwa ameshazaa!"

Nilicheka, Idman. Lakini nilijiuliza kama ninawanyima wanyama maji kwa ajili ya ukaidi wangu tu.

Kwa ombi langu, watu wa Eldas wakapima shafti kwa futi ya fundi cherehani, wakatusomea kwenye redio ya ofisi. Chuma kilikuwa tayari kwenye mashine walipoita tena: walikuwa wamepima juu ya mpira uliobaki kwenye shafti! Jelle akashika kichwa. Mimi nikabadilisha namba moja tu, upana wa tundu. Umbo zima likajivuta pamoja, mfereji ukifuata tundu lake. Jelle alichukua mchoro mpya akakimbia nao kwa fundi.

Abti akaondoka na kiungo. Tangu hapo, kila redio ikilia nilikuwa naacha kalamu na kukimbia. Jana alizungumza mwenyewe: "Mwambieni Bilan akae chini. Ngamia wanakunywa."

Nimekaa, lakini si kwa utulivu. Watu wa kisima cha Bute nao wameleta kiungo chao, na tundu lake ni jeusi. Nimeshawaambia watoe mpira kwanza, ndipo wapime.

Nisalimie shangazi Muslimo na Hanad. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Mimi ndugu yako, mwenye mapenzi yasiyopungua,
Bilan