Mstari Uliomlisha Jirani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Mgongo unaendeleaje? Najua utasema haujambo huku umeinamia cherehani tangu alfajiri, kwa hiyo swali hilo namwachia shemeji, yeye hajui kunificha. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, usicheke.

Uliuliza nafanya nini maabara na ukungu, ilhali nyumbani tulikuwa tunautupa pamoja na mkate. Ni hivi. Ukungu mzima hujitengenezea kirutubisho chake kwa hatua, kama wewe na shati: kukata, kushona, kutia vifungo. Tunaupiga mionzi tupate ulioharibika hatua moja tu. Huo hauoti mpaka ulishwe. Tukijua kila mmoja unataka kulishwa nini, tunajua hatua zinavyofuatana. Mimi nilikuwa na wa aina mbili, sijui upi umekwama mapema na upi mwishoni, na profesa alishaanza kunichoka.

Sasa sahani za kuoteshea zikapungua. Nikabana matumizi kama ulivyonifunza, nikapanda aina zote mbili kwa mistari kwenye sahani moja, ikakaribiana mno. Kurudi, mstari mmoja umeota, tena upande unaomtazama mwenzake tu. Profesa akasema nimechafua kazi, nitupe. Nikagoma. Nikarudia, ikawa vilevile, mpaka akavuta kiti mwenyewe. Kumbe ule uliokwama mwishoni ulirundika kitu ulichoshindwa kukimalizia, kikavuja, jirani yake akakipata akaendelea nacho. Mpangilio ukajulikana. Wakanipongeza, wakaenda kunywa chai.

Nikabaki nautazama ule mstari uliolisha. Wenyewe haukuota hata kidogo. Dada, nililia mpaka kamasi. Wewe uliacha shule ndipo mimi nikaingia, na sijawahi kukuambia kwamba inaniuma.

Sasa kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza. Chuo cha jirani na maabara yetu kinafundisha mafundi wa maabara, na watu wazima wanapokelewa. Nimekuandikisha. Mkuu wa chuo alisita kwa kuwa hukumaliza shule. Nikampelekea lile gauni ulilonishonea, nikamwomba atafute kosa. Akaligeuza ndani nje, akanirudishia, akasema, “Mwambie aje.” Masomo yanaanza mwezi ujao, usipofika, nafasi anapewa mwingine. Shemeji alikubali kabla sijamaliza kusema, na watoto atabaki nao. Kwa hiyo usinitajie watoto, wala usiniambie umezeeka.

Nibusie wanao, na mama mkwe mpe heshima zangu. Kasirika utakavyo, Dada, ila hasira zako usinitumie kwa barua. Zilete mwenyewe, na begi.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto