Ratiba ya Ndondi

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako anywe dawa kabla ya shule.

Nisamehe kwa kukufokea jana usiku. Ulisema kweli: nafasi ya kurekodi kwenye televisheni imejaa, na tamthilia yako imekosekana kwa sababu ya ndondi ambazo hazitazamwi na mtu tangu tumzike baba yenu. Futa zote zilizorekodiwa, sitanuna. ~~Futa na ratiba.~~ Ila ile ratiba ya kurekodi kila Jumamosi ukiigusa, tutaonana wabaya. Aliipanga mwenyewe, miwani puani, akikataa katakata kusaidiwa. Viatu vyake nimeshavigawa, nguo pia. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo bado anaifanya humu ndani.

Mama