Kaki Chini ya Rangi

Njombe, 3 Juni 2025

Mdogo wangu Zita,

Kamwene. Habari za Makambako na magoti yako? Mimi kifua kimezidi, ila uji wa binti yangu Fidelia naumaliza. Wale askari kumi na wawili uliowapaka rangi wamefika na basi, hakuna aliyevunjika. Nashukuru. Mimi huwakata tu kwenye fremu za plastiki na kuwaunga kwa gundi. Wakitoka kwako ndipo wanakuwa watu. Hawazidi kidole gumba, lakini wana mpaka kope. Sasa meza yetu ya vita vya Maji Maji imekamilika, na mwezi ujao inakwenda shule niliyofundisha, wanafunzi wajifunze historia kwa kuicheza na dadu.

Kabla haijaondoka nikiri jambo. Yule mwenye mkuki, niliyemwandikia kibao “Babu Mligo, mpiganaji wetu”, ni uongo wangu. Mama aliniambia akiwa mgonjwa: babu alikuwa askari wa Mjerumani, akachoma maghala ya ulezi ya majirani zake. Nikanyamaza. Miaka yote nilisimama darasani nikimsifu. Wewe pia nilikudanganya, na wajukuu zako wanajivunia. Sitaki nife niache uongo huo shuleni. Nakutumia babu, mpake kaki, rangi ya sare yake ya kweli. Ukinikasirikia, nitaelewa.

Kaka yako,
Tarsis

Makambako, 19 Juni 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, magoti ni yale yale. Najua siku zote hizi umedhani nimenuna. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nimemrudisha bila kumgusa. Chukua wembe, mkwangue mguuni taratibu.

Mama aliniambia kabla yako, tukichambua maharage. Akasema, “Tarsis asijue, amesomea historia, ataumia.” Uliponiletea babu mara ya kwanza nimpake rangi, nikaona ulipokata bunduki ukagundisha njiti ya meno iwe mkuki. Nikajua unajua. Na mkono wa pili umeugeuza, anaonekana anaomba lifti. Nikampaka kaki kwanza, pamoja na vifungo, nikaacha ikauke. Kisha nikampaka ulivyotaka. Mwalimu mzima, nikuaibishe kwa ajili ya mtu wa plastiki?

Wajukuu nitawaambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Zita

Njombe, 27 Juni 2025

Mdogo wangu Zita,

Kamwene tena. Anayeandika ni Fidelia. Mkono wangu umegoma, na siku hizi nalala kuliko ninavyokaa.

Nimekwangua. Kaki ilitokea mguuni, ikapanda gotini, kisha vikaonekana vifungo viwili kiunoni, vidogo kama mbegu za mchicha. Uliviweka ukijua hakuna atakayeviona. Hapo nguvu ziliniishia, nikaona panatosha. Abaki hivyo, chini askari, juu mkuki wangu wa njiti. Watoto wakiuliza, mwalimu wao atawaeleza, nimeshamwambia yote.

Nimelia kidogo, Fidelia akadhani ni kifua. Asante, Zita. Umenijua miaka yote hiyo na bado ukaniamkia shikamoo.

Kibao nimekifuta. Njoo Jumapili na brashi yako nyembamba, uandike: “Babu Mligo, askari wa Mjerumani.” Chini yake andika kwamba rangi zote ni za Zita, maana wageni waliokuja kuiona meza walinisifu mimi nami nikaitikia.

Ule mkono usiurekebishe. Kama anaomba lifti, huenda alikuwa anataka kurudi nyumbani.

Kaka yako,
Tarsis