Kijiti cha Kumi na Nne

Jumamosi, Antanimasaja. Joto la kunata tangu asubuhi. Wingu limeinama juu ya mji mzima wa Mahajanga na mvua haitaki kushuka. Macho yananiwasha. Nimechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona.

Naandika Kiswahili kama kawaida yangu. Kwenye kituo chetu cha utafiti wa bahari, kisiwani Nosy Be, kila mtu anasoma Kifaransa, wengi wanasoma Kimalagasi, na daftari ukilisahau mezani linakuwa la wote. Kiswahili alinifundisha marehemu baba, aliyekipata katika biashara zake za Unguja, na nadhani pale kituoni nimebaki nacho peke yangu. Ni lugha nzuri ya kuungama, maana hakuna wa kuja kuchungulia.

Basi niungame.

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Siyo kuhesabu wako wangapi. Namchukua mmoja, namlaza chini ya lenzi, nahesabu magamba ya ubavuni, miiba ya pezi la mgongoni, na vile vijiti laini vinavyofuata baada ya miiba. Daktari wetu (Mfaransa, na ni daktari wa samaki, ukiumwa tumbo usimwendee) anasema samaki hujulikana kwa hesabu hizo kuliko kwa rangi, kwa sababu rangi humkimbia akishatiwa kwenye chupa. Yeye macho yake yamechoka zamani, kwa hiyo anatumia yangu. Ninachohesabu mimi ndicho anachoandika yeye.

Mwaka jana, kwenye matumbawe ya mbele ya Ambanoro, nilimnasa samaki mdogo, urefu wa kidole cha shahada, mgongo wa zambarau na tumbo la manjano. Hatukumjua. Tulirudi mara sita kumtafuta mwenzake mwenye rangi zile, nikazama mpaka masikio yakauma, hatukumpata. Nikamhesabu huyo mmoja. Vijiti vya mgongoni nikaandika kumi na tatu. Jamaa zake wote wanaojulikana wana kumi na nne. Daktari akasema kijiti hicho kimoja kilichopungua ndicho kinachomfanya awe samaki mpya. Bila hicho ni mtoto tu wa samaki wa kawaida, bado amevaa rangi za utotoni zisizoonekana mara kwa mara, na wakubwa wa namna hiyo wamejaa baharini.

Akaandika maelezo yake, kurasa nne zilizopigwa taipu, atangaze samaki ambaye ulimwengu haujamsikia. Na chini ya jina lake akaweka jina langu.

Sijui nielezeje jambo hili bila kuonekana mpumbavu. Bendera yetu ya uhuru haijafikisha hata miaka minne. Karatasi za kitaalamu za samaki nilizozifungua mimi ni nyingi, na watu wa huku sijawahi kuwaona humo ila mwishoni, pale wanaposhukuriwa wapiga makasia, tena bila majina. Sikumwambia mtu. Lakini ndani ya meli ya kuja huku niliifungua bahasha mara tatu nisome neno moja tu, Humadi, halafu naifunga.

Nimetumwa Mahajanga nikabidhi bahasha hiyo, pamoja na chupa ya samaki mwenyewe, kwa meli ya Ufaransa ivipeleke makumbusho. Meli imechelewa, itaondoka Jumatatu. Tangu Jumanne nimefikia kwa Shangazi Zaliha, dada wa baba. Yumo edani, na juzi Alhamisi ilikuwa arubaini ya mumewe. Nilikuta nyumba inaandaliwa kwa hitima.

Chupa yangu imejaa spiriti. Nilijua fika kwamba nyumba ya namna ile, wiki ya namna ile, haiingizwi kitu kama hicho. Aliponiuliza ni nini nikamjibu, "Dawa tu Shangazi, samaki asioze." Nikaiweka juu ya kabati kwenye chumba ambacho wasomaji wangekaa, kwa sababu ndicho chenye ubaridi kidogo.

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku mbili.

Alhamisi nilishinda bandarini nikifukuzia mihuri. Huku nyuma Shangazi akawa anapanguza kabati, kifuniko kikalegea, na harufu ikamfika puani. Alifua mashuka ya hospitali miaka mingi kabla ya kuolewa, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza mtu. Akaimwaga spiriti yote uani, akaiosha chupa. Samaki, kwa kuwa samaki ni halali na riziki haitupwi, akampaka chumvi na kumwanika kwenye ungo. Jua la Mahajanga halina subira. Niliporudi alasiri alikuwa amekauka na kujikunja, macho yamedidimia.

Shangazi hakunificha. Alinipokea mlangoni na ungo mkononi.

"Humadi mwanangu, ile ilikuwa pombe. Leo tunamsomea mume wangu. Ungeniambia, tungeiweka kwa jirani."

Ungeniambia. Mwenye hatia hupandisha sauti. Nikamwambia kwamba katika dunia nzima samaki huyu alikuwa mmoja tu, Mungu hajamwonyesha mtu mwingine, na yeye amemfanya ng'onda. Wasomaji walikuwa wameshaanza kuvua viatu uani. Akaweka ungo chini, akaenda kuwasha ubani.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ya kukaa na wanaume wazima nikiitikia dua ya marehemu, huku nimetoka kumfokea mjane wake, sikuwahi kuionja.

Jana sikufanya chochote. Maji yakimwagika hayazoleki, na spiriti ndiyo kabisa. Leo baada ya adhuhuri nikajikaza. Nikakaa ukumbi wa nyuma na lenzi na kibano nitazame kimebaki nini, nipate kumwandikia Daktari. Shangazi alikuwa mkekani mbele yangu akidarizi kofia. Hatukuwa tumesemezana vizuri tangu juzi.

Kofia za kwetu si mchezo. Matundu yake ni madogo kama kichwa cha pini, kila safu ina hesabu yake, na ukikosea tundu moja ua zima linakwenda upande. Shangazi ameanza kudarizi hajavunja ungo. Basi akanitazama ninavyokunja uso, mwisho akaniuliza nahesabu nini. Nikamwonyesha.

"Nipe."

Lenzi hakuitaka. Akamlaza yule samaki mkavu kiganjani, akapita na ncha ya sindano kijiti baada ya kijiti, midomo ikichezacheza bila sauti. "Kumi na nne," akasema.

Nikatabasamu, tabasamu lile la msomi ambalo mwenye nalo anastahili kupigwa kofi. Nikamweleza kwamba hata wanaoanza kazi kituoni huanguka hapo hapo. Kijiti cha mwisho mara nyingi kinagawanyika toka kwenye shina, unadhani viwili, kumbe ni kimoja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudisha sindano palepale.

"Angekuwa mmoja angekuwa na mguu mmoja. Tazama. Huyu ana mguu wake, na huyu ana wake."

Nikachukua lenzi. Chumvi ilikuwa imeinyonya nyama yote ya mgongo, na mashina ya vijiti, ambayo akiwa kwenye chupa hayakuonekana sawasawa, yalikuwa yametokeza wazi kabisa. Yalikuwa mawili.

Kumi na nne.

Sasa hapa ndipo pa kuungama hasa, kwa sababu sikushtuka kama alivyostahili kushtuka mtu asiye na hatia. Siku ile kituoni nilimhesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilipata kumi na tatu, ya pili kumi na nne, ya tatu kumi na tatu. Nilikuwa nimeinamia lenzi tangu asubuhi, shingo imekufa ganzi. Daktari alikuwa amesimama mlangoni anangoja, na nilipotaja kumi na tatu uso wake ulichanua. Nikaandika ile iliyomfurahisha. Chupa imekaa mezani kwangu mwaka mzima baada ya hapo na sikuifungua kuhesabu tena hata siku moja. Mtu asiyetaka kuhesabu tena huwa anajua kwa nini.

Shetani hakuchelewa. Nikaona kwamba Shangazi amenipa mlango wa kutokea. Samaki ameharibika, nani atamhesabu tena? Karatasi iende kama ilivyo, na kumi na tatu yake, na jina langu. Lawama ya chupa inaye mwenyewe. Nikachukua kalamu nikaandika kwa Kifaransa safi kwamba samaki ameharibiwa na mwanamke wa makamo asiyejua kusoma, kwa imani zake za dini, na kwamba kwa bahati mbaya hesabu haziwezi tena kuhakikishwa. Sentensi ilikaa vizuri. Niliisoma mara mbili.

Shangazi hakuinua macho kwenye kofia yake. "Huyo mzungu wako, umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia."

"Vizuri. Mwambie pia namwomba radhi."

Nilibaki na kalamu hewani. Ningeweza kustahimili kama angelia, au angesema namdhalilisha kwa wageni. Aliomba radhi kwa mtu asiyemjua, kwa kosa ambalo nusu yake ni uongo wangu wa Jumanne na nusu nyingine ni uongo wangu wa mwaka jana.

Nikaichana ile barua. Nikatoa zile kurasa nne kwenye bahasha, nikafuta kumi na tatu, nikaandika kumi na nne juu yake. Lakini sentensi inayofuata inasema kwamba kwa hiyo anatofautiana na jamaa zake wote, na hiyo nayo sasa si kweli, nikaifuta. Inayofuata imeegemea hiyo. Nikaendelea kushuka hivyo hivyo, mstari kwa mstari, mpaka nikafika chini na kukuta hapakubaki samaki mpya. Palibaki majina mawili. La Daktari si langu kulifuta. Nikafuta moja.

Shangazi aliona mkono wangu unavyokwenda. Akauliza nini tena. Nikamweleza bila kupamba. Nilikosea kuhesabu, na nilikuwa na shaka tangu mwanzo nikanyamaza. Huyu si samaki mpya, ni yule wa siku zote, mtoto tu.

Akaishusha kofia mapajani. "Kwa hiyo wenzake wapo?"

"Wamejaa, Shangazi. Ambanoro maji yakitoka wanakupita miguuni."

Akachomeka sindano kwenye kofia, akaviweka vyote pembeni.

"Tangu juzi namwomba Mungu msamaha," akasema. "Nilidhani nimemmaliza kiumbe wake, wa peke yake."

Ndipo nikaelewa kwa nini sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nilikuwa naiona, jana mchana, jana usiku, leo asubuhi, na nikasema moyoni ni majonzi ya eda. Kumbe ni mimi. Neno nililolitupa mlangoni kwa hasira alilibeba siku mbili kwenye kila sala, na barua ile kama ningeituma angelibeba mpaka kaburini, huku mimi natembea na jina langu lililopigwa chapa.

Jumatatu nitapita posta kabla ya bandari, nipeleke simu ya maandishi Nosy Be: vijiti kumi na nne, kosa la kuhesabu ni langu, samaki amekauka kwa uzembe wangu, bahasha nimeizuia. Daktari atakasirika. Huenda atatafuta macho mengine. Imeniuma sana kulifuta lile jina, sitajidanganya kwamba sikuumia.

Ninapoandika haya Shangazi yuko jikoni. Ameteremsha sufuria ya wali wa mchana, anakula humo humo na kijiko kinakwangua ukoko. Sina samaki, na sijui kama nina kazi. Nimechoka vilevile kama asubuhi. Lakini namsikia anakula.