Siku Nilipomtafsiria Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani huko, na kile kifua chako kimepona? Na watoto wako wa chekechea, wameshaacha kulia wakiachwa mlangoni asubuhi? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu kupitia kwangu mara tatu kwa siku, ndiyo maana nimechelewa kuandika, maana salamu zilikuwa bado zinaongezeka. Baba naye ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Mimi nimemaliza mtihani wa mwisho wa shule na ninasubiri matokeo. Kwa sasa kazi yangu ni kushika nyaya za spika za Baba na kunyamaza, kazi ambayo unajua ninaiweza.

Barua yako kwa Mama ilifika. Alinisomea jikoni, mlango umefungwa. Tumefurahi sana kuhusu harusi, na tumempenda mchumba wako kabla ya kumwona, hasa pale uliposema anatengeneza redio za watu huku akiziomba msamaha kwa kuzifungua. Kisha tukafika ule mstari wa mwisho: Mama aje, mimi nije, lakini Baba asije, kwa sababu hutaki kugeuzwa mahubiri siku ya harusi yako. Mama aliikunja barua akaiweka chini ya kopo la sukari, na kwa siku tisa Baba hakujua. Ninakuandikia kuhusu siku hizo tisa na moja iliyofuata. Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi tulivyokulia ndani ya mahubiri. Mama akiunguza sufuria Alhamisi, Jumapili Baba ameipandisha sufuria mimbarini. Mimi nilipokojoa kitandani nikaficha shuka, kanisa zima lilifundishwa juu ya dhambi za siri, na mpaka leo yule mama wa mstari wa mbele akiniona huniuliza kama shuka zimekauka. Hayo tuliyacheka. Lakini lako halikuwa la kucheka. Ulimfuata Baba ofisini ukamwambia kwamba ukifunga macho kuomba husikii kitu, ni kama kupiga hodi kwenye nyumba waliyohama watu. Jumapili yake akasema ana binti nyumbani, anaimba kwaya vizuri, lakini moyo wake ni mtungi mtupu. Kwaya nzima iligeuka kukutazama. Na baada ya ibada wale akina mama wakapanga foleni sebuleni kwetu kukuwekea mikono kichwani, kama unagawiwa dawa. Nakumbuka ulivyotoka kwa mlango wa nyuma ukiwa bado na joho. Ni miaka mitatu sasa, hujarudi.

Sasa nikuambie habari za Baba, maana miaka mitatu ni mingi na mimi ndiye niliyebaki kumwona. Sikuandikii kumtetea. Nakuandikia nilichokiona.

Bado anaamka kabla yetu na kupiga viatu rangi, vyake na vyetu. Bado ana gari lile lile, na bado haliwaki bila kusukumwa. Waumini husukuma wakiimba, na Mama husema ndilo gari pekee duniani linaloendeshwa kwa nyimbo. Juzi mpagazi mmoja pale sokoni alimpigia kelele mbele ya watu, akamuuliza Mungu wake ana shida gani hata hajamnunulia gari jipya. Baba akamjibu kwamba Mungu ameona hakuna haja, maadamu wewe upo na mabega yako. Mpagazi alicheka mpaka akatua mzigo, akaja kusukuma. Siku hizi huja kila safari, na akichelewa Baba humngoja.

Na kuna mama mmoja nyuma ya ghala, kidonda cha mguu kimemlaza mwaka mzima, majirani hupita wameziba pua. Baba huenda kila Jumanne. Nilidhani huenda kumwombea. Nilipoanza kufuatana naye nikaona anachota maji, anaosha bakuli, anamkata kucha, halafu anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusikiliza malalamiko yake juu ya mkwe wake. Maombi huwa dakika moja, mlangoni, wakati wa kuaga. Hajawahi kumtaja mama huyo kanisani. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni, nikajiuliza kwa nini sisi hatukupata bahati hiyo.

Wiki iliyopita tulikwenda kufanya mkutano wa siku tatu kwenye kambi ya wapasua mawe. Wale wanazungumza lugha ya Mama. Baba, kwa miaka yote ya ndoa yake, anajua kusalimu na kuomba maji tu, na Mama husema hata maji huyaomba kama mtu anayetaka ugomvi. Kwa hiyo mkalimani wake ni Fundi, yule mzee wa kanisa mwenye cherehani. Unamkumbuka: Baba akiinua mkono naye anainua, Baba akijifuta jasho naye anajifuta hata kama hana jasho, na mwaka ule Baba alipopiga chafya yeye akapiga ya kwake, kubwa zaidi. Basi asubuhi ya siku ya kwanza Fundi alikuja shavu limevimba kwa jino, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Hawezi hata kusema hapana.

Baba akanitazama, akasema Sisimizi atatafsiri. Nikamwambia sauti yangu haifiki hata mlangoni. Akasema ndiyo maana watu walitengeneza maikrofoni. Fundi akaniandikia kanuni moja kwenye karatasi ya kukatia vitambaa: mkalimani hana "yeye". Mchungaji akisema "mimi", nawe sema "mimi". Wewe si mtu, wewe ni bomba, maji yapite.

Siku ya kwanza niliona aibu mpaka masikio yakaungua. Walikaa juu ya marundo ya kokoto, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na akina mama wa mbele wakaniambia nipaze sauti, mwanangu, hatung'ati. Nikapaza kidogo. Mmoja akasema afadhali, sasa tunasikia mbu. Watu wakacheka na mimi nikacheka, na kuanzia hapo maneno yakapita.

Siku ya pili ndiyo ninayotaka kuungama kwako.

Baba alikuwa anahubiri juu ya kuomba radhi. Katikati akavua miwani. Kisha akasema maneno haya, na ninayaandika yote kama yalivyotoka:

"Nina binti aliyeniamini, akaja kunifungulia moyo wake. Siku nne baadaye nikausimamisha moyo ule mbele ya watu wautazame. Nilijiita mvuvi wa watu, na mwanangu nikamfanya chambo. Nilisema yeye ni mtungi mtupu. Hakuwa mtupu. Niliogopa, kwa sababu lile alilonieleza hunipata hata mimi. Kuna asubuhi ninaomba na sisikii kitu, na nina miaka ishirini na tano sijamwambia mtu yeyote, hata mama yake. Mtoto alikuwa na ujasiri ambao mimi sikuwa nao, nami nikamwadhibu kwa ajili hiyo."

Kisha akanigeukia, akangoja.

Dada, sikuyatafsiri. Niliwatazama wale watu wote wenye nyundo mapajani, nikamwona Baba bila miwani, macho yake madogo, nikashindwa kusema "mimi". Niliogopa watasema Mchungaji kumbe hana kitu. Nikasema kwa lugha ya Mama kwamba mzazi amheshimu mtoto na mtoto amheshimu mzazi. Wakatikisa vichwa kama watu wanaoambiwa kesho jua litatoka. Baba aliwatazama. Alikuwa ametoa alichokificha miaka yote hiyo, na mbele yake mtu anapiga miayo. Akavaa miwani, akamalizia haraka, sauti imeshuka.

Waliojua walikuwa wawili tu: Fundi, ambaye hakuweza kufungua mdomo, na Mama, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka. Mama hakunitazama mimi. Alimtazama Baba, na nadhani hata alipokuwa bibi harusi hakumtazama hivyo.

Tulirudi nyumbani jua halijazama. Nilimfuata Baba kwenye kile chumba cha stoo anachokiita ofisi, kati ya magunia ya nyaya na yale makasha ya vitabu vya nyimbo. Nikamwambia nimeiba maneno yake. Nikamwambia nilivyosema badala yake. Alikaa juu ya kasha, akauliza kwa nini, nikamweleza kwamba niliogopa kwa ajili yake. Kisha likatoka jingine ambalo sikujua kuwa ninalo. Nilimwambia, Baba, umemtumia tena. Dada hakuwepo, hukumwuliza, umempeleka tena mbele ya watu, na safari hii mbele ya watu asiowajua. Mimi, Dada! Nilisema hivyo kwa Baba, na sauti ilifika mlangoni, maana Mama aliisikia akaingia.

Baba hakukasirika. Alisema alidhani mtu aliyeaibishwa hadharani aombwe radhi hadharani. Kisha akasema, lakini hadhara ile haikuwa yako, ilikuwa yake mwenyewe. Hapo Mama akaenda jikoni, akarudi na barua yako, akamwonyesha mstari wa mwisho. Alisoma, akairudisha. Alisema neno moja tu, kwamba una haki.

Siku ya tatu alisimama pale kambini na hakukutaja. Alisema la kwake peke yake, kwamba yeye mchungaji huomba na siku nyingine hasikii kitu, na kazi yake huifanya vilevile, asikie asisikie. Safari hii nilitafsiri. Nilisema "mimi" kwa sauti yangu yote. Nyundo hazikugusana. Halafu bibi mmoja wa mbele, yule wa mbu, akapiga kofi na kusema kwa nguvu, "Kumbe hata wewe, Mchungaji!" Watu wakaangua kicheko, na wengine wakafuta macho kwa mikono yenye vumbi wakajipaka uji wa chokaa usoni. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakija mbele. Hawakuja kama waliotishwa. Walikuja kama watu waliosikia kwamba kuna nafasi ya kukaa. Nilimpenda Baba siku hiyo kuliko siku zote, na nilikukumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyeyasema kwanza, na hakuna aliyekuambia njoo ukae.

Tangu hapo anajaribu kukuandikia. Siku nne. Kila anachoandika kinageuka kuwa mahubiri. Mama alisoma moja akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia Mchungaji, umempa mtoto pointi tatu na wimbo wa kufungia. Alizichana zote. Mwishoni alikuja kwangu nikianua nguo, akaniomba niyaandike yale maneno ya siku ya pili kama alivyoyasema, nisiyapambe, na nikueleze pia kwamba niliyaficha, ili usidhani alikutangaza. Ndiyo sababu umepata barua hii kwa mwandiko wangu. Wa kwanza kuyasikia kwa ukamilifu ni mimi na Mama na Fundi. Wa nne ni wewe.

Kuhusu harusi, amesema hatakuja ila kwa ruhusa yako. Siku hiyo atabaki nyumbani kulisha kuku, na Mama ameshamwandikia wanakula saa ngapi. Ukimruhusu, atakaa benchi la nyuma kabisa, bila kola ya uchungaji, na hata wakimwita atoe neno atabaki amekaa. Mama anasema hilo Mungu mwenyewe atashuka kulitazama. Lakini mimi nimeishi naye siku hizi zote, na naamini ataweza.

Sikusihi, Dada. Nilikwambia sikuandikii kumtetea, na kama imesomeka hivyo, nisamehe, ni kwa sababu ninampenda. Nawe ninakupenda, na siku ile ya joho nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuona ukipita karibu yangu na sikukushika hata mkono. Hilo ni kosa langu peke yangu, Baba hayumo.

Msalimie shemeji, na umwambie redio yetu nayo ni mgonjwa. Fundi anakusalimu, shavu limepona na chafya zimerudi. Mama anaomba vipimo vyako vya gauni.

Jibu lako niandikie mimi. Baba amesema yuko tayari kwa lolote. Chochote utakachoandika nitasimama mbele yake nimsomee kama kilivyo, nikisema "mimi" pale uliposema "mimi", hata kama ni neno moja tu, na neno lenyewe ni hapana.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi